Apu inayolinganisha biti na hatua zako: kwa miguu iko vizuri, kwa mudi bado sana

Wadau, hii apu nimeitumia vya kutosha kuweza kuisemea kwa haki. Ni zile programu za simu zinazohesabu hatua zako ukiwa unatembea au unakimbia halafu zinakupigia ngoma ambazo mapigo yake yanaenda sawa na miguu yako. Jina siliweki, ziko kadhaa na kwa ndani zinafanana mno, kwahiyo nitakayosema yatakufaa hata kama uliyonayo ni nyingine. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aondoke na kitu: kwa kazi ya miguu naipa nyota 4 kati ya 5, kwa kazi ya mudi naipa 2, na hizo 2 zenyewe zimeokolewa na kitufe kimoja ambacho wenye apu hata hawakitangazi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Simu unaiweka mfukoni au unaifunga mkononi, kile kihisi kinachojua simu imegeuzwa ndo hichohicho kinasoma mtikisiko wa kila hatua, ukishaenda kidogo inakuwa imeshajua unatupa hatua ngapi kwa dakika, inaingia kwenye miziki yako inatafuta ngoma yenye mapigo ya karibu na hapo, halafu inaivuta au inaibana kidogo mpaka pigo na mguu vikae pamoja, na sauti ya mwimbaji haigeuki ikawa nene wala nyembamba, kasi tu ndo inabadilika. Kuvuta na kubana huko kuna kikomo chake aisee. Ikisogeza asilimia 2 au 3 hujui kabisa, ikikaribia 10 drum zinapoteza ule ukali wake, matoazi yanasikika yamekwaruzwa, na wimbo unaoupenda unaanza kukukera. Nashauri uingie kwenye mipangilio uibane isizidi 5. Ndio, utapata ngoma chache, lakini zitakuwa ngoma kweli.

Kwa kutembea haina shida hata kidogo, manake mwendo wa kawaida wa binadamu unaangukia karibu hatua 2 kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika, na ngoma nyingi za kuchezeka ziko hapohapo au jirani na hapo. Sidhani kama ni bahati tu, nani anatunga muziki wa kucheza bila kuwa na miguu? Kwenye kukimbia ndo inabidi ifanye akili, wengi wetu tukikimbia tunakuwa kwenye 160 mpaka 180, nyimbo za kasi hiyo ni chache, kwahiyo apu inachukua ngoma ya mapigo 85 kwa dakika inaihesabu 170, kila pigo moja unapata hatua mbili. Inafanya kazi vizuri sana hii na mimi ndo nnayoipenda kuliko zote, ngoma imetulia, miguu iko mbio, na wala husikii kama unakimbizwa.

Biti na mguu vikikutana hutahitaji kuambiwa. Mabega yanashuka, unaacha kutazama chini, pumzi inajipanga, mimi huwa najikuta navuta hewa kwa hatua tatu natoa kwa hatua mbili na wala sijapanga, na ile sauti ya kichwani inayouliza tumebakiza kiasi gani inanyamaza kwa muda mrefu tu.

Sasa kwanini mwili ushike biti wakati hakuna aliyeuamuru? Hapa ndo patamu na ndo pa kuipimia hii apu. Watu wakilazwa kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wametulia tuli hawachezeshi hata kidole, wakipigiwa mdundo wenye mpangilio zile sehemu za ubongo zinazopanga mwendo zinaamka palepale. Yaani sikio likisikia mpigo, mguu unapata habari hata kama hutaki kucheza. Na mwaka 2009 yakachapishwa majaribio ya watoto wachanga wa siku 2 au 3 tu tangu kuzaliwa, wamelala, wanapigiwa mdundo wa drum, lile pigo zito la mwanzo likirukwa makusudi ubongo wao unaonyesha kabisa kwamba kuna kitu kilitegemewa hakikuja. Siku 2 jamani! Hajajua hata uso wa mama yake vizuri lakini anajua pigo lilikuwa lije hapa.

Kwahiyo ubongo hausubiri pigo lifike ndo ulisikie, unalitabiri, unaandaa msuli kabla, pigo linapotua mguu nao unatua, na kule kupatia kwa kila hatua ndo kunaleta raha. Shikeni hilo neno kutabiri manake karibu kila zuri na kila baya la hii apu linatokea hapo.

Anzeni na hedifoni zisizo na waya. Sauti kutoka kwenye simu mpaka sikioni inachelewa, mara nyingi sehemu moja ya kumi ya sekunde na wakati mwingine zaidi, ukiwa umekaa unasikiliza tu huwezi kujua. Ila ukikimbia hatua 170 kwa dakika kila hatua inachukua kama sekunde 0.35, sauti ikichelewa sekunde 0.17 pigo linakufikia mguu ukiwa hewani, katikati kabisa ya hatua moja na nyingine. Unajaribu kuifuata biti, apu nayo inakufuata wewe, mnakimbizana wawili na hakuna anayemkamata mwenzake, na unarudi umechoka kuliko aliyekimbia kimya. Wengi wanaoandika kwamba hizi apu ni utapeli nina hakika wamekwama hapa. Dawa yake ipo, kuna sehemu ya kupima inakuambia uguse kioo kila ukisikia mlio, ukimaliza apu inajua sauti inachelewa kiasi gani na inaitanguliza. Lakini wameificha chini kabisa ya mipangilio, ni mambo ya ajabu, hicho ndo kitu cha kwanza mtu alitakiwa kukutana nacho. Au tumia waya, mambo yanaisha.

Tatizo la pili ni ngoma za sita kwa nane. Hizi ni ngoma ambazo unaweza kuzihesabu kwa mbili au kwa tatu, midundo miwili inaenda kwa pamoja juu ya mwenzake, na mwili wa mtu unajua wenyewe wapi pa kukanyaga. Mashine haijui. Inashika ile hesabu ya vipigo vidogo, inasema wimbo una kasi ya mia mbili na kitu, inautupa nje ya orodha au inakupigia katika kasi ambayo haina uhusiano wowote na mguu wako. Nusu ya miziki mitamu duniani imejengwa hivyo na apu inaiona kama makosa! Nyota ya tano imeondokea hapa, kwenye hizi ngoma na kwenye kile kipimo cha hedifoni walichokificha.

Nirudi kwenye mazuri manake yapo. Mtafiti anayeitwa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, amekaa miaka mingi kwenye hili suala la muziki na mazoezi, na picha inayotoka kwenye kazi zake na za wenzake ni kwamba kwenye mazoezi mepesi mpaka ya kati muziki unashusha hisia ya kuchoka kwa kama asilimia 10. Nasema hisia ya kuchoka, msuli unafanya kazi ileile ila taarifa za maumivu zinakuta mlango una foleni. Ukipandisha mazoezi mpaka ile hali ya kutweta huwezi kuongea, faida hiyo inayeyuka, mwili ukipiga kelele kiasi hicho hakuna wimbo unaoushinda. Na mwaka 2020 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 139 ukaonyesha muziki unasaidia kweli, unachangamsha mtu, unaongeza kidogo uwezo, unapunguza kidogo matumizi ya oksijeni, ila kwa wastani tu. Kwahiyo tangazo la apu linaposema utakimbia "mara mbili zaidi" lipuuzeni, hakuna kitu kama hicho.

Mfano ninaoupenda ni wa mkimbiaji wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, Februari 1998, ndani ya ukumbi pale Birmingham, anavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani huku spika za uwanja zinapiga wimbo wa mwimbaji Scatman John na yeye anatupa miguu na ule mdundo. Yule hakuwa na haja ya kihisi wala apu, aliujua wimbo na aliijua kasi yake. (Kwa wanaoshindana: msizoee sana, mashindano mengi makubwa hayaruhusu mtu anayegombea ushindi avae hedifoni. Shirikisho la riadha la Marekani lilizipiga marufuku 2007, mwishoni mwa 2008 likawalegezea wa kawaida, wanaowania ubingwa na zawadi wakabaki nje.)

Apu ina namna mbili za kukimbia na wengi hawajui tofauti yake. Moja inaitwa fuata, biti inakufuata wewe. Nyingine funga, unachagua kasi wewe ndo unaifuata. Ile ya fuata ni nzuri barabara ikiwa tambarare, ila ukianza kupanda mlima hatua zinapungua, biti nayo inapungua, sasa unapungua zaidi kwasababu biti imepungua, mpaka mnafika kileleni wote mmelala. Kwenye mlima funga. Na ukifunga usiruke ghafla kutoka 160 kwenda 175, mwili utakataa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji, ambao walitengeneza mfumo wa namna hii kabla sijawahi kuziona kwenye simu, waliwapigia wakimbiaji muziki uliokuwa sawa na hatua zao halafu wakaubadilisha kidogokidogo bila kuwaambia kitu, wakakuta miguu inaufuata, mabadiliko yenyewe hayakuzidi asilimia 3. Hakuna aliyeombwa afuate. Ndo maana mi napandisha asilimia moja, nakaa nayo mpaka niizoee, ndo napandisha tena.

Faida ya hilo nimeiona kwenye goti. Goti langu la kulia lilikuwa linauma baada ya kila mbio na daktari wa mazoezi ya tiba akaniambia hatua zangu ni ndefu mno, nafika chini na kisigino kikiwa mbali mbele ya mwili, nifupishe hatua niongeze idadi. Kuambiwa ni rahisi, ukikimbia unasahau. Ikipanda idadi ya hatua kwa asilimia 5 mpaka 10 kwa kasi ileile mzigo unaokwenda kwenye goti na nyonga unapungua, hilo lilipimwa na kuchapishwa 2011 na ndilo alilonisomea. Basi nikaifunga apu, nikapanda polepole, na sikufikiria hatua hata mara moja, nilifikiria wimbo. Goti limenyamaza. Kwa hili peke yake nisingeifuta hii apu kwenye simu yangu hata kama mengine yote yangekuwa mabovu.

Haya tuje kwenye mudi, hapa nitakuwa mkali kidogo.

Kuna vitufe vinaitwa Changamka, Tulia, Makini. Unagusa, apu inakupangia miziki ya kukubadilisha hali. Tatizo ni kwamba ndani yake hamna kitu zaidi ya kasi, juu ya 130 ni Changamka, chini ya 80 ni Tulia, basi. Nimebonyeza Tulia jioni nikiwa na mawazo nikapigiwa wimbo wa maombolezo, kasi 60, sauti ya mtu aliyefiwa. Nilitulia? Nilikaa nalia. Nimebonyeza Changamka nikapata gitaa linalokwaruza kwa mapigo 150 na moyo ukaenda mbio wa hofu, sio wa furaha. Kasi inauamsha mwili au kuulaza, hilo ni kweli, lakini mwili ukishaamka bado haijajulikana umeamka kwa furaha au kwa wasiwasi, hayo yanaamuliwa na mengine, sauti za wimbo zimepangwaje, mwimbaji analalamika au anacheka, maneno, na wimbo wenyewe ulikukuta wapi maishani. Huwezi kuniwekea wimbo uliopigwa msibani kwangu ukaniambia nitulie kisa ni 60.

Halafu wanaandika kwenye maelezo kwamba muziki "unaulinganisha moyo wako na biti". Hapana. Moyo hauendi pigo kwa pigo na ngoma kama mguu unavyoenda. Mwaka 2006 timu ya Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, waliwapima watu 24, nusu wanamuziki nusu sio, kwa miziki ya aina mbalimbali, wakakuta miziki ya kasi inapandisha upumuaji, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ya polepole inashusha, na kilichokuwa na nguvu zaidi ni kasi na mdundo kuliko aina ya muziki mtu anayoipenda. Kwahiyo moyo unasogezwa, ndio, ila kupitia pumzi na mishipa ya fahamu, kidogokidogo. Hakuna mahali moyo unahesabu biti. Ukitaka kuushika moyo shika pumzi, kama mara 6 kwa dakika, sekunde 10 kwa pumzi moja kuingia na kutoka, hapo utausikia unashuka. Apu ina kipengele cha kupumua chenye mlio laini unaopanda na kushuka na kwa kweli wamekifanyia kazi, kinafaa kabla ya kulala.

Kinachowapita wenye apu kwenye mudi ni kilekile cha kutabiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akisikiliza wimbo unaomsisimua mpaka vinyweleo vinasimama, ubongo unaachia dopamini, ile kemikali ya raha, na sehemu moja inaachia kabla, pale mtu anaposubiri ile sehemu tamu ifike, nyingine inaachia inapofika. Kusubiri kwenyewe ni utamu! Sasa apu inakata wimbo katikati na kuunganisha mwingine wenye kasi ileile ili biti isikatike, mara nyingi inakata sekunde chache kabla kiitikio hakijaingia. Mwili umeshajiandaa, mkono umeshanyanyuka, halafu kimya, wimbo mwingine. Sijui nani alipitisha hilo. Kuna swichi ya kuzuia, inaitwa maliza wimbo, iwasheni leo hii.

Na biti yenyewe nayo si namba tu. Ulifanyika utafiti ukachapishwa 2014, watu walisikilizishwa mipangilio ya drum, mingine imenyooka kabisa, mingine mapigo yake yanaanguka pembeni ya pale unapotegemea, mingine imevurugika, wakaulizwa ipi inawapa hamu ya kucheza. Ya katikati ndo ilishinda. Iliyonyooka ubongo unaimaliza mapema hamna kazi tena, iliyovurugika haupati pa kushika, ya katikati inakuchokoza unapatia unakosa kidogo unapatia tena, kiuno kinaingia kuziba lile pengo lililoachwa. Ngoma mbili zina 110 zote, moja imekufa, nyingine hukai kwenye kiti, na kwa hii apu ni kitu kimoja.

Besi nayo niiseme haraka. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kwenye tamasha la kweli lenye watu wanacheza, walikuwa wanawasha na kuzima spika maalum za sauti nzito mno, hezi 8 mpaka 37 (yaani mitikisiko kwa sekunde), nzito kiasi kwamba watu hawakuweza kujua zimewashwa lini, lakini zikiwa zimewashwa walicheza zaidi kwa asilimia 11.8. Besi ya namna hiyo unaipokea kwa ngozi, kifua na ile sehemu ya sikio la ndani ya kushika mizani. Hedifoni ndogo haina pa kuitolea. Kwahiyo ukiona wimbo uliokupandisha mzuka ukumbini haukufanyi kitu njiani usidhani umezeeka.

Sasa kile kitufe kilichookoa zile nyota 2 za mudi. Kinaitwa pumziko, kiko kwenye orodha ya mwisho kabisa, kinaweka ukimya wa dakika 2 kati ya wimbo na wimbo. Nilidhani ni cha kipuuzi mpaka nilipokiwasha wakati wa kupoza mwili baada ya mbio. Katika ule utafiti wa Pavia kulikuwa na vipande vya kimya vya dakika 2 vimechomekwa katikati ya miziki, na kwenye kile kimya ndipo moyo na shinikizo la damu vilishuka hata chini ya pale walipokuwa wamekaa kabla muziki haujaanza. Muziki wa taratibu haukuwalegeza kiasi hicho. Mwili umeshikwa na biti, unatabiri, unatabiri, halafu kazi ya kutabiri inaondolewa, unaachiwa. Mi nikimaliza mbio napiga wimbo mmoja wa mwisho wa kutembea, kisha hizo dakika 2 za kimya nimesimama, na jasho linakauka nikiwa na utulivu ambao kitufe cha Tulia hakijawahi kunipa.

Kuna mtu mwingine anayetumia hii apu kwetu, na yeye hahitaji ngoma hata moja. Baba mkubwa ana ugonjwa wa Parkinson. Kichwa kiko safi kabisa, ila miguu inagoma, hasa mlangoni, anafika kwenye kizingiti anaganda, nyayo zimegandia sakafuni na mwili wa juu unataka kuendelea, hapo ndo watu wanaanguka. Mtaalamu wake ndiye aliyetuambia tujaribu mlio wa mapigo, tiki tiki tupu, na apu inao. Tukaweka chini kidogo ya hatua zake za kawaida, nikasimama pembeni yake, mtaalamu upande wa pili. Alisikiliza kwanza bila kusogea, akawa anatikisa kichwa na mlio, halafu mguu wa kulia ukavuka, wa kushoto ukafuata, akapita mlango kama hakuna mlango. Alipofika upande wa pili mlio nikauzima. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo kitu mbona umeizima, iwashe tena." Shikamoo yangu ya asubuhi siku hizi anaiitikia akiwa tayari amevaa hedifoni.

Hili halikuvumbuliwa na wenye apu. Michael Thaut na wenzake wa Chuo Kikuu cha jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha 1996 kazi ya wagonjwa wa Parkinson waliotembea nyumbani kila siku kwa wiki 3 na muziki uliotiliwa mkazo kwenye mapigo, mwendo wao ukaongezeka kasi kwa asilimia 25. Sehemu ya ubongo inayoharibika kwenye ugonjwa huu ndiyo inayosaidia kupanga muda wa mwendo kutoka ndani, pigo la nje linampa mtu saa ya kuazima. Haliponyi. Mlio ukizimwa kwa muda mrefu ugumu unarudi, na asijaribu mtu peke yake bila wa kumshika.

Tahadhari mbili. Msiwashe hiki kitu kwenye gari, mtafiti Warren Brodsky alishawaweka madereva kwenye gari la mfano la kompyuta, matokeo yakachapishwa 2001, kadri biti ilivyopanda na kasi yao ilipanda na walipita taa nyekundu zaidi. Na sauti ipunguzeni, Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo mwisho, na ukiwa barabarani acha sikio moja wazi usikie pikipiki.

Wenye apu mkipita hapa: kipimo cha kuchelewa kwa sauti kileteni mbele mtu anapofungua mara ya kwanza, maliza wimbo iwe imewashwa tangu mwanzo, na tupeni sehemu ya kugonga kwa kidole wapi mguu unatua kwenye wimbo wa sita kwa nane ili tuifundishe wenyewe. Mkifanya la kwanza na hilo la mwisho narudi hapa kuongeza ile nyota ya tano siku hiyohiyo.